Herufi Nne, Miguu Minne

Jumatatu, 4 Machi

Nimeudhika! Nimefika zizini asubuhi nikakuta ndoo ya farasi wetu imeandikwa ASALI kwa rangi nyekundu. Najua ni mkono wa nani. Ni mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, mtu anayecheka kabla hajamaliza kusema. Marehemu baba mkwe alituachia farasi mmoja, familia mbili. Jike jeusi la miaka sita. Jina hakumpa, alimwita "Wewe" tu. Mimi namwita Radi. Farasi mwenye kifua kama mlango wa ghala aitwe Asali? Kwani ni dawa ya kikohozi?

Mama mkwe amechoka na simu zetu, ametoa hukumu. Jina litakalotangazwa kwenye maonyesho ya farasi ya Jumamosi ndilo litakaloandikwa katika daftari la klabu ya farasi. Atakayebisha asikanyage kwake. Na mtangazaji husoma kilichoandikwa kwenye vifaa vya farasi. Haya!

Jumanne, 5 Machi

Wazo limenijia nikimnyoa mteja. Nusura nimkate sikio. Bendeji za miguu! Herufi moja kila mguu: R, A, D, I. Herufi nne, miguu minne. Asali ina tano! Ya tano ataifunga wapi, shingoni mwake? Nimecheka peke yangu mpaka mteja akaomba kioo ajikague.

Jioni nimemwomba mke wangu anitarizie, cherehani anayo. Amekataa. Eti haingilii ugomvi wa shemeji yake na mtoto mchanga. Mtoto mchanga ni mimi.

Jumatano, 6 Machi

Nimejikatia herufi mwenyewe, kutoka kwenye mkoba wa ngozi niliodhani mke wangu ameutupa. Hakuutupa. Hatusemezani. Lakini herufi ni ngumu, nene, zinaonekana toka ng'ambo ya barabara. Nimezishona kwenye bendeji kwa mkono. Vidole vinne vimetoboka.

Alhamisi, 7 Machi

Usaliti! Zizini nimekuta mwanyumba naye amemfunga farasi bendeji. Za njano, zimetariziwa kwa uzi unaong'aa. Na nani? Na mke wangu! Nimemuuliza, akajibu kwamba dada yake alimwomba kwa adabu.

Nilimsomea mwanyumba mguu mmoja mmoja. A, S, A, L. Nikamuuliza kwa kejeli, I iko wapi? Akauinua mkia wa farasi. Kuna utepe. I. Akacheka kabla hajamaliza kuuinua.



Ijumaa, 8 Machi

Nimempigia mwanyumba kwa sauti ya upole, nikamwambia maonyesho yamesogezwa hadi saa tisa alasiri. Yanaanza saa tatu asubuhi. Amenishukuru. Anishukuru tu.

Saisi, mzee mkavu anayewatunza farasi wote pale, ameziona bendeji zangu akaguna. Amenionya kwamba mguu wa farasi haufungwi kama mzigo, lazima kidole kipite. Nimemwambia nafunga kamba za viatu mwaka wa arobaini huu. Akaniuliza kama viatu hivyo vina mishipa. Jeuri!

Jumamosi, 9 Machi

Nilifika kwanza. Nikafunga. Ngozi ikateleza, R ikageukia nyuma. Nikakaza. Ikateleza tena. Nikakaza kwa goti. Farasi akalaza masikio, nikamwambia avumilie, urembo una gharama.

Tulipofika langoni akaanza kuchechemea. Hatua tatu, akagoma. Saisi akaja mbio, sijawahi kumwona akikimbia.

"Unataka kumlemaza huyu? Nyamaza! Shika kichwa!"

Sikuwa nimesema kitu. Nikashika kichwa. Saisi akafungua bendeji zote. Kwenye mguu wa mbele R ilikuwa imejichora kwenye ngozi, imebonyea. Akamwagia maji, akakanda, akamtembeza. Farasi akanipumulia kwenye shati, pumzi za moto, anatetemeka. Nikamnong'oneza neno samahani. Naliandika mara moja tu, sitalirudia.

Daktari wa mifugo alimkagua, akaruhusu apite polepole, bila mbio. Saisi akafunga upya, legelege, kila bendeji kama ilivyomjia mkononi. Nilipotaka kusema neno alinitazama. Nikarudi kushika kichwa.

Mtangazaji akasoma mbele, akasoma nyuma. "Na sasa anaingia... DARI!"

Uwanja mzima ukacheka. Mtu akauliza sakafu inakuja lini. Mama mkwe akasimama, akapiga makofi. Karani akaandika, akagonga muhuri.

Saa tisa mwanyumba alifika amevaa tai ya njano. Uwanjani kulikuwa na mtu mmoja tu anafagia. Kwa mara ya kwanza hakucheka.

Jumapili, 10 Machi

Mama mkwe amepiga simu. Dari limempendeza, jina la kitu kinachokaa juu ya watu na hakipigi kelele. Amesema nijifunze hapo. Mwanyumba amenitumia ujumbe ambao siwezi kuunakili humu.

Wote wamekosea! Laiti saisi angejua kupanga herufi! Nimemuuliza karani, amesema jina linaweza kurekebishwa kwenye maonyesho ya mwezi ujao. Saisi amepiga marufuku bendeji, utepe na kitambaa cha aina yoyote kwenye miguu ya farasi yule.

Kwato hakuzitaja. Kwato ni nne. Nimeshanunua rangi nyeupe, ile inayokauka upesi. Kesho alfajiri naanza na R.