Mume Wangu Kuzuiwa Langoni Siku ya Tambiko Lake

Ofisi ya Usimamizi wa Maghorofa,
Jengo la 107, Seoul.

Ndugu Meneja,

Natumaini mgongo wako umepata nafuu. Mimi ni Maeng Ok-bun wa nyumba namba 1902, yule aliyewaletea kimchi, ile kabichi ya kuchachua yenye pilipili, mwezi wa kumi na moja na bakuli halijarudi mpaka leo. Sikuandikii kwa ajili ya bakuli. Nakuandikia kwa sababu lango lenu jipya limemzuia mume wangu asiingie kwake, na nimeumia.

Mume wangu, Tak Chun-gil, alifariki miaka sita iliyopita. Huja mara moja tu kwa mwaka, siku ya kumbukumbu ya kifo chake, akala, akanywa vikombe vitatu vya pombe ya mchele, akaenda zake. Usiku huohuo hunijia ndotoni kunung'unikia samaki. Jumanne iliyopita nilipanga meza, nikaacha mlango wazi kidogo kama tufanyavyo, tukaiinamia meza, mimi, mwanangu na mkewe. Nikalala, sikuota kitu. Leo ni siku ya tatu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Lango linasoma nyuso. Kesho yake nilishuka na picha yake ya mazishi, nikaishika mbele ya kamera ili limzoee. Likasema, "Uso haujatambuliwa. Tafadhali vua barakoa." Ndugu Meneja, hakuvaa barakoa. Ndiyo sura aliyozaliwa nayo.

2. Mlinzi wenu Bwana Pyo, mtu mwema, akaja mbio. "Mama, huyo mgeni wako umemwandikisha?" Nikamwambia si mgeni, ni mwenye nyumba. Akanipa fomu. Namba ya simu: hana. Namba ya gari: hana. Muda wa kukaa: nusu saa. Bwana Pyo akakuna kichwa. "Mama wee, bila simu mtambo haukubali, hata angekuwa waziri!"

3. Mleta kuku wa kukaanga huingia saa yoyote. Mume wangu alihudhuria mikutano yote ya wakazi, akasinzia katika yote, na bado anaachwa nje.

4. Lifti haiendi bila kadi. Ghorofa kumi na tisa kwa ngazi, na magoti yake yale!

5. Wala msiniambie mambo haya hamyaamini. Siku ya kuzindua lango mliliwekea kichwa cha nguruwe mezani kuliombea heri, mkaliinamia, na wewe ulifunga vifungo vyote vya koti. Lifti yenu haina namba nne, eti kwa kuwa nne hutamkwa kama kifo. Mnakiogopa kwenye lifti, lakini marehemu akija langoni kwa adabu zake mnamdai namba ya simu.

Kwa hiyo naomba asajiliwe kuwa mkazi, apewe kadi ya lifti, na lango lifundishwe kumwinamia kama ninyi mlivyoliinamia. Ikishindikana, wajane wa jengo hili tuko kumi na mmoja, na waume zetu huja kwa tarehe mbalimbali. Tutahamishia meza za tambiko palepale langoni, na samaki wetu, na mishumaa yetu, tuone gari gani litapita.

Nisalimie mkeo, mama wa usafi, wakazi wa ghorofa ya chini wanaopiga piano, na Bwana Pyo. Lango nalo lisalimie, ingawa halinitambui nikivaa miwani.

Mimi jirani yako mwenye heshima na uchungu,
Maeng Ok-bun.

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, mkwe wangu Ha-yeong, mke wa mwanangu, ameisoma barua hii. Amecheka, kisha akaiweka mezani. "Mama," akasema, "miaka yote tulimwandalia baba saa sita usiku. Mwaka huu tukasogeza hadi saa moja jioni ili mume wangu awahi kulala. Sasa nani alimwambia baba?" Hakuna aliyemwambia. Ilipofika saa tatu usiku vyombo vilikuwa vimeoshwa, na mlango niliufunga mimi, kwa mkono wangu. Huenda lango lilimpitisha vizuri tu, akapanda ngazi zote zile, akanikuta nimelala. Tafadhali usiisome barua hii. Leo napika upya. Mlango wa 1902 utakuwa wazi hadi alfajiri, na Bwana Pyo akipita kwenye doria, mwambie asiufunge.