Hotuba ya Mkurugenzi Kahiga Siku ya Kuzindua Diski Kumi na Mbili za Mugutha

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ambaye ametuma msaidizi wake, ambaye naye ametuma salamu, Bwana Chifu, Mama Mwenyekiti wa Wenyeviti, wachungaji wa makanisa yote yaliyosajiliwa, pamoja na yale ambayo fomu zao bado zinanisubiri mezani, stakeholders wa Thika, stakeholders wa Ruiru, na wale wa Juja ambao kila mkutano lazima wawe stakeholders, wazee, akina mama, vijana, na nyinyi mliokuja kwa sababu mmeona hema: kama kuna mtu nimemruka, ahesabu amesalimiwa na aketi. (Makofi machache. Wengine wanaketi.)

Kwa wale wasionijua, na sidhani wapo, mimi ni Kahiga, Mkurugenzi wa Ofisi ya Mageuzi ya Kumbukumbu, na nimesimama hapa Mugutha leo kwa unyenyekevu mkubwa sana, unyenyekevu ambao watu wengi wa cheo changu hawajaufikia, kuwaeleza hatua kwa hatua jinsi ofisi yangu ilivyoyatoa mafaili ya mashamba yenu katika giza la karatasi na kuyaingiza katika virtual machine, yaani kompyuta inayokaa ndani ya tumbo la kompyuta nyingine, iliyoongezewa diski pepe kumi na mbili. Wachungaji msishtuke. Nimesema pepe, sijasema pepo. (Vicheko. Mchungaji mmoja hacheki.)

Kazi ya mikono nilimkabidhi fundi wetu, binti Mwongeli, mhitimu wa kompyuta, anayejitolea kwetu bila mshahara kwa sababu ya uzalendo wake na kwa sababu sikumpa njia nyingine. Siku ya kwanza akaongeza diski zote kumi na mbili, tukawasha mashine, na kwenye skrini ikatokea diski moja tu, ile ya zamani. Nikamuuliza, "Mwongeli, wenzake wako wapi?" Akaniambia, "Sir, zimeingia, lakini hazijaanzishwa wala kugawanywa. Ni kama shamba halijapimwa. Kompyuta inajua liko, lakini haiwezi kupanda kitu." Akaketi hapo asubuhi nzima, akaanzisha moja, akagawanya, akaipa jina, akaenda nyingine, mpaka zote zikaonekana. Nikaitisha waandishi wa habari. Hawakuja, lakini niliwaitisha. (Makofi.)

Siku ya pili mashine ikakataa kuwaka kabisa. Skrini nyeusi, na maneno kwamba hakuna mfumo wa kuendesha. Mwongeli akakagua kila kitu, mwisho akaniuliza kama kuna mtu amegusa settings. Ndugu wananchi, mimi si mtu wa kuficha. Ni mimi niligusa. Niliona diski ndogo, yenye ule mfumo, imewekwa mbele ya diski kubwa, na kama mtu aliyelelewa kwa adabu nikaipeleka mwisho na kutanguliza kubwa. Mwongeli akasema kompyuta huanza na ile ya kwanza kwenye orodha, na ile kubwa haina kitu ndani. (Sauti kutoka nyuma: "Kama wewe!" Vicheko virefu.) Huyo aliyesema hivyo atoe maoni yake kupitia sanduku la maoni, ambalo bado liko kwenye procurement, halijanunuliwa.

Siku ya tatu tukaanza kuingiza mafaili. Tulianza na Kamenu, tukaja Ruiru mjini, na kufikia Alhamisi nilikuwa na ripoti kwamba tumefaulu kwa asilimia mia moja na nne. Na kwa sababu tumefaulu, nikaagiza karatasi zitoke, kwani huwezi kuwa digital huku umekalia mavumbi, na karatasi za Kamenu zikakabidhiwa kwa wadau wa sekta ya mandazi. Mimi mwenyewe nilinunua mandazi mawili pale Thika nikasoma mpaka wa shamba la mtu, waziwazi, kwenye karatasi iliyolowa mafuta. Sasa niambieni, ni lini tena data imewahi kuwa accessible namna hiyo? (Mwanamume mmoja anasimama: "Hilo lilikuwa la nani?" Anaketishwa.)

Ijumaa, Mwongeli akaja ofisini kwangu akiwa hajala. Akafunga mlango. Akasema, "Sir, hizi diski kumi na mbili ni faili tu. Zote zinakaa ndani ya diski moja ya kweli, ile ya kompyuta iliyo chini ya meza, na hiyo imejaa tangu Jumatano. Mashine ilikuwa inagandaganda. Nimefungua mafaili ya Kamenu. Mengi hayafunguki." Nikamwambia kwa upole wa kiuongozi, "Basi ongeza diski ya kumi na tatu." Akasema, "Sir, ukiandika kwenye sufuria kwamba ni ya lita mia, haiwi ya lita mia." Nikamwagiza atoe karatasi za Mugutha nazo. Akasema hatatoa hata moja mpaka aone diski ikifunguka. Nikamsimamisha kazi papo hapo, ingawa hakuwa ameajiriwa.

Wiki hiyo hiyo ndipo alipokuja mama Wanja, mjane wa marehemu Njau, yule pale kwenye kiti cha mbele mwenye kitambaa cha kijani. Amekuja mara nne. Jirani yake, Bwana Gachau, ambaye pia tunaye hapa na tunamtambua, ameanza kujenga ukuta uliokatiza mboga zake za sukuma wiki na kuacha kaburi la Njau upande wa pili. Mara ya nne mama akaniambia, "Mkurugenzi, mimi sitaki diski. Nataka ile karatasi Njau aliweka kidole." Nikampa namba ya foleni. Alikuwa peke yake kwenye foleni. Aliketi kwa benchi kuanzia asubuhi mpaka saa nane, kiatu kimoja amekivua kwa sababu ya mguu, na mimi, niwaambie ukweli, niliinuka nikafunga pazia.

Lakini hayo yamepita! Leo tunafungua, live, mbele ya macho yenu, faili la mama huyu! Mwongeli, nimekusamehe kwa muda, washa mashine! (Watu wanasogea mbele.) Inakuja... inakuja... mnaona hicho kiduara? Hayo ndiyo maendeleo. Sasa inasema... "Nafasi imekwisha. Mashine imesimamishwa." Ndugu wananchi, imesimama kwa heshima ya wageni! (Kelele. "Karatasi iko wapi?" "Ngai! Mmechoma?" Mama Wanja ameinama, ameshika kichwa.)

Order! Mwongeli, rudisha microphone. Mwongeli, hauko kwenye programu!

(Mwongeli, kwenye kipaza sauti: "Shosho Wanja, usilie. Karatasi za Mugutha sikuwapa watu wa mandazi. Niliambiwa nizitoe, nikazipeleka kwangu Juja, nikalala nazo kitanda kimoja. Ziko kwa hii boksi." Vigelegele.)

Hiyo ni mali ya ofisi! Chifu, huyo msichana... Chifu? Chifu naye anapekua boksi.

(Mwongeli anachomoa karatasi: "Ni hii, shosho?" Mama Wanja anaipapasa: "Sina miwani, mami. Nisomee." Mwongeli anasoma kwa sauti palipoandikwa mipaka: "Kutoka bikoni ya mtaro mpaka bikoni ya barabara, na makaburi ya familia yakiwa ndani." Gachau anasimama: "Hata mimi sijawahi kuona hiyo karatasi! Ningeiona singejenga!" Mama Wanja anaomba aonyeshwe chini, palipo na alama za vidole. "Hiki ni cha Njau," anasema. "Na hiki cha shahidi kimeandikwa jina gani?" Mwongeli anasoma: "Gachau." Hema linalipuka kwa kelele. Gachau anatafuta kofia yake. Mama Wanja anasema, "Twende ukayatoe hayo mawe, Gachau. Sitakutukana. Twende tu.")

Wananchi, kulingana na programu, hakuna kutoka kabla ya ngoma! Wapi mnaenda? Uko wapi, kikundi cha ngoma? Hata nyinyi? Acheni viti, jamani, viti ni vya kukodi! (Umati unamfuata mama Wanja na Mwongeli kuelekea shambani. Wanabaki watu saba, mmoja amelala.)

Vizuri. Waliobaki ndio wenye maono. Tuseme pamoja: Diski kwanza! Karatasi, nyuma geuka! (Aliyelala anageuka.) Mugutha juu, juu, juu zaidi!

Sasa nimalizie kwa shukrani, maana mimi si mtu wa kusahau wema. Namshukuru mfadhili wetu, ambaye tutamwandikia barua. Namshukuru mkandarasi, ambaye tutamtafuta. Nawashukuru wahandisi kumi na sita waliomo kwenye ripoti, ambao kazi yao yote imefanywa na Mwongeli. Naishukuru cyber café ya pale stage ya matatu kwa kutuazima kompyuta hii tangu siku ya kwanza, na naona mwenyewe amekuja kuichukua, tafadhali chomoa polepole. Na zaidi ya wote naishukuru kamati ya bajeti, itakayoketi mwezi ujao kuamua kama mradi huu uanzishwe, na kama kweli kunahitajika Ofisi ya Mageuzi ya Kumbukumbu, na ikionekana inahitajika, basi watatangaza nafasi ya mkurugenzi, na mimi, ndugu zangu saba, nitakuwa miongoni mwa watakaotuma maombi. Asanteni sana.