Elfu Mbili na Mia Moja, Nukta

Nina furaha kuutangazia umma kwamba zama za mstari wa kukadiria zimekufa na kuzikwa. Mimi, Mkurugenzi wa Idara ya Urefu wa Mistari, ndiye niliyezizika.

Hapo awali mambo yalikuwa shaghalabaghala. Fundi wetu wa michoro, dada mwembamba tunayemwita Rula, alichora kwenye kompyuta kwa kuvuta mstari na kipanya mpaka roho yake iridhike. Siku moja nikapima mstari wake: umezidi nusu milimita! Chai ilinipalia.

"Lakini bosi," akasema Rula, "programu ina kisanduku cha urefu. Unaandika namba, unachagua kipimo, mstari unatokea vilevile."

"Sasa mbona hukitumii?"

"Niliomba kibali mwaka jana. Fomu iko kwenye droo yako."

Nikaunda kamati. Baada ya wiki kumi na moja na katoni nne za biskuti, tukatoa Waraka wa Mistari: mtumishi ataandika kisandukuni kile tu alichotamkiwa na Mkurugenzi, neno kwa neno. Atakayekiuka, kazi hana. Barua ya kumfukuza Rula niliiandaa mapema, kwa ajili ya ufanisi. Ilibaki sahihi na muhuri tu. Rula analea wadogo zake watatu, kwa hiyo alinisikiliza kwa makini sana.

Mchoro wa kwanza chini ya Waraka ulikuwa wa mlango mpya wa ofisi yangu. Nikasimama nyuma ya kiti chake, mikono mgongoni, nikatamka:

"Urefu, elfu mbili na mia moja, nukta. Upana, mia tisa, nukta."

Rula akageuka. "Nukta hiyo, bosi, ni ya kumaliza sentensi au ni kipimo? Maana hapa kwenye orodha kuna milimita, kuna sentimita, na kuna nukta. Nukta ni kama theluthi ya milimita."

"Nimesema nukta, sijasema?"

"Umesema."

"Na Waraka unasemaje?"

"Neno kwa neno."

"Basi usinifundishe kazi."

Akaandika. Mistari ikatokea imenyooka, sahihi hadi unywele. Nilikaribia kulia kwa fahari. Kwenye skrini mlango ni mlango tu. Nikatia sahihi, nikasafiri kwenda kwenye semina.

Niliporudi, mwashi alikuwa anakung'uta saruji mikononi. Mlango ulinifika mapajani.

"Huu mlango wa kuku?" nikauliza.

"Sentimita sabini na nne kwa thelathini na mbili," akasema. "Kama mchoro, na sahihi yako hii hapa. Bosi, mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

Nilijaribu kuingia. Kichwa kilipita, mabega yakapita kwa ubishi, tumbo likakataa katakata. Nikavutwa miguu na wahasibu wawili, mmoja akicheka waziwazi. Mwashi alitaka kubomoa, lakini kubadili mchoro kunahitaji muhuri, na muhuri uko ndani, kwenye droo, juu ya ile barua. Kamati ikakutana koridoni, ikaamua kwa kauli moja: Kaimu Mkurugenzi awe mtumishi yeyote anayeweza kuingia ofisini.

Rula akapita ubavuubavu, bila hata kuchafua sketi. Tukasikia kiti changu kikizunguka. Kikazunguka tena. Halafu karatasi ikachanwa, polepole, vipande vingi.

Leo ni siku ya tisa nimepiga magoti hapa na fomu yangu.

"Kaimu," nikaita asubuhi, "naomba mlango wa elfu mbili na mia moja. Milimita, dada yangu! Milimita!"

Mkono ukatoka, ukachukua fomu, ukairudisha.

"Pole, mzee wangu," ikasema sauti kutoka ndani. "Sentensi yako haijaisha. Weka nukta mwishoni, kisha ulete."

Nimeshika kalamu tangu saa hiyo, na wallahi nukta siiweki tena, hapa wala popote