Uzinduzi wa Filamu ya Binti Aliyeficha Suruali ya Bwana Mkubwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Waheshimiwa wasaidizi wangu. Wakuu wa idara, vitengo na vijitengo. Kamati ya viti na kamati ya vipaza sauti. Wazazi, watoto, na wewe bibi yetu uliyeketi kule nyuma, ambaye filamu hii ni maisha yako na umeomba uione kabla macho hayajakuishia: kama nimemsahau mtu, ajihesabu ametajwa. (Makofi.)

Ndugu zangu, enzi za mkoloni bibi huyu alikuwa msichana mdogo, machachari kweli kweli. Mama yake alikuwa dobi wa bwana mkubwa. Baba yake alitiwa ndani kwa kukataa kubeba mizigo ya serikali bila ujira. Ikafika asubuhi ya gwaride, bwana mkubwa kavaa koti, kofia na nishani, suruali haionekani! (Vicheko.) Binti akasimama dirishani, akasema, "Baba atoke, suruali irudi." (Vigelegele.) Bendi inapiga, askari wanaungua juani, bwana mkubwa kajifunga pazia. Baba akatolewa.

Sasa, katika mchakato wa kuboresha maudhui kimkakati na kishirikishi, ofisi yangu imeongeza mhusika: karani mwenye busara aliyempa binti wazo hilo, ambaye, kwa bahati tu, ni marehemu babu yangu. (Makofi machache.)

(Bibi: "Babu yako ndiye aliyemfungia baba mlango, funguo akatia mfukoni!" Ukumbi wavunjika mbavu.)

Ahsante bibi, maoni yako yamepokelewa na yatafanyiwa kazi. Hata hivyo, utafiti wetu unaonyesha kwamba asilimia mia na kumi ya familia zitalia na kucheka kwa pamoja. Mimi binafsi nimeongoza semina, warsha na makongamano, nikasafiri ng'ambo kujifunza kukalia kiti cha mwongozaji, na nilikikalia vizuri sana. (Kikohozi.)

Filamu oyee! (Oyee!) Binti oyee! (Oyeee!) Ofisi yangu oyee! (Kimya.)

Mwisho, nawashukuru wauguzi wa zahanati ya jirani kwa kutuazima shuka hili jeupe tulilotundika ukutani, nanyi kwa kulikodolea macho tangu asubuhi. Filamu yenyewe itaanza kurekodiwa mara tu tutakapopata kamera, mwongozaji na msichana. Asanteni sana.

(Miguno. Mtoto mmoja: "Sasa tutaangalia nini?" Bibi ainuka taratibu: "Geuzeni viti, wajukuu zangu. Ile suruali niliizamisha kwenye sufuria ya wanga ya mama, nikaketi juu ya kifuniko…" Viti vyote vyageuka. Mheshimiwa atazama huku na huku, kisha naye avuta chake.)