Ombi la Kumwandikisha Binti Yangu Kuwa Panya

Jotham Kasyupa,
Masoko, Rungwe.
Julai 1995

Ndugu Mhariri,

Poleni na joto la huko mjini. Sisi huku Masoko tunatetemeka, mvua haitaki kukumbuka kwamba ni Julai, ila uhai tunao. Nakuandikia wewe kwa sababu anwani ya wataalamu ninaowataka siijui, na ninaamini mtu anayechapisha gazeti hawezi kukosa njia ya kuwafikia.

Juma lililopita redio ilikuwa na kipindi kuhusu wataalamu wa ng'ambo wanaojaribu dawa mpya za kifafa kwa panya. Nilisikiliza nimesimama. Binti yangu Tusekile ana kifafa tangu utotoni. Alifika darasa la sita, ndipo mwalimu akaniambia akae nyumbani kwanza apone. Betri zilizima kipindi kikiwa katikati, lakini niliyoyasikia yalitosha kunitia wivu ambao mzee wa kanisa hapaswi kuwa nao. Nayaeleza malalamiko yangu kwa heshima zote.

1. Makazi. Kila panya ana chumba chake kilichotandikwa maranda ya mbao, na kuna mashine ya kuhakikisha hasikii baridi. Tusekile ndiye anayesikia baridi kuliko watu wote wa Masoko. Sisi tukikaa jikoni kuota moto, yeye anakaa mlangoni, kwa sababu aliwahi kuangukia mafiga na mkono wake wa kushoto haukunjuki vizuri hadi leo. Mlango wetu unapitisha upepo wa kutosha. Panya, jamani, ana mashine!

2. Heshima wakati wa kuanguka. Panya akianguka, msomi mzima mwenye koti jeupe anakaa naye hadi azinduke, tena anamshika kwa mkono. Tusekile alipoanguka sokoni Tukuyu watu walitawanyika wakipiga kelele, "Mwe! Povu hilo, msilikanyage!" Kwetu kila mtu anajua, hata asiyejua kitu kingine chochote, kwamba povu la kifafa linaambukiza. Mimi na mama yake tulibaki na soko zima kama tumelikodi. Sijawahi kuona nafasi namna ile pale. Mtu wa kwanza kurudi alikuwa mama mmoja aliyesahau mkungu wake wa ndizi. Aliuchukua akaenda zake.

3. Dawa. Panya haendi kuitafuta dawa, dawa inamfuata alipo. Zamani zahanati yetu ilikuwa ikitoa vidonge vya fenobabitoni bure. Kisha tukaelezwa kwamba mambo yamebadilika, sasa ni kuchangia. Nikakubali. Nilipofika na mchango wangu, nesi Veronika, mtu mwema sana, aliinama akaniambia kwamba cha kuchangia ndicho hakipo. Nikapanda Tukuyu, duka la dawa la Andongwisye. Huko ndiko nilikoona kwamba kweli nchi imefunguka: krimu za kung'arisha uso, vidonge vya kunenepa, vidonge vya kukonda, na mafuta ya nywele yenye picha ya mwanamke anayetucheka. Dawa ya kifafa hakuna. Andongwisye hakunificha: "Mzee wangu, biashara huria ni kuuza kinachotoka. Wenye kifafa hawana hela. Nikiagiza, vitanidodea." Nilimshukuru kwa elimu hiyo.

4. Ukoo. Hakuna panya aliyewahi kuulizwa babu yake alimkosea nani. Kaka zangu wanasema ni laana ya upande wa mke wangu. Shemeji zangu wanasema ni ya upande wangu. Vikao vinaendelea, na mtoto anaanguka katikati ya vikao.

Kwa sababu hizo, Ndugu Mhariri, naomba wataalamu hao wamwandikishe Tusekile kuwa panya.

Sifa anazo. Redio ilisema panya wengine ni wazima, hivyo inabidi waangushwe kwa umeme ndipo wajaribiwe dawa. Masoko hatuna umeme na Tusekile anaanguka hivyo hivyo. Wataona wenyewe watakavyookoa gharama. Hang'ati. Chakula chake ni ndizi na maharage, na akishazinduka anaweza kueleza kwa Kiswahili safi alivyojisikia, jambo ambalo sidhani kama panya yeyote amewahi kuwafanyia. Ikiwa sheria zao zinadai mkia, fundi Prosper wa Ibighi hushona hata majoho ya kwaya, mkia hautamshinda.

Msidhani nacheka. Kuna siku nitakuwa shambani, mama yake atakuwa mtoni, na moto utakuwa jikoni. Hilo ndilo ninaloliogopa, Ndugu Mhariri. Mengine yote ni maneno.

Wasalimie wachapaji wako, wauza magazeti, na kila atakayeisoma barua hii hadi hapa. Wataalamu wasalimie kwa adabu, na panya nao uwaambie Masoko tunawaonea gere. Mama Tusekile naye anasema ndaga fijo, yaani asante sana, hata kabla hamjajibu.

Wako mwenye kusubiri,
Jotham Kasyupa

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, betri nilizozianika juani zilipata nguvu kidogo, nasi tukasikiliza marudio ya kipindi kile hadi mwisho. Kumbe panya wakishapona wanauawa, bongo zao zinakatwa vipande vyembamba ili waonekane walivyopona. Ombi langu nalifuta. Mwacheni awe mtu.

Tusekile alikuwa mlangoni, akasikia yote. Akasema, "Baba, hao wamekufa kwa ajili yangu. Sasa hiyo dawa iko wapi?" Nilijifanya natafuta stesheni nyingine.

Tena, kwa kuwa nimeshaanza kusema kweli, Tusekile dawa mpya haihitaji. Vile vidonge vya zamani vya zahanati, ambavyo nadhani panya wake walishazikwa kabla sijazaliwa, vilimtosha kabisa. Mwaka aliokuwa akivipata hakuanguka hata mara moja. Mwaka ule alikaa jikoni, akaota moto pamoja nasi.