Nani Kapasua Risasi ya Bunduki ya Baba

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Nyusi ya kulia imeungua. Jicho lipo, namshukuru Mungu.

Nilishuka Kahe, shamba letu la porini, kufukuza ngedere kwenye mahindi. Nilibeba bunduki ya marehemu baba, ile ndogo ya .22. Komeo liligoma kufunga. Nikalisukuma kwa kiganja, nikafyatua. Paa! Moshi ukanirudia usoni. Ganda la risasi limepasuka ubavuni, karibu na kitako. Ngedere hakukimbia hata. Aliendelea kula, ananiangalia.

Na Jumamosi ni kikao cha ukoo! Utaandikwa muhtasari wa kupeleka polisi, bunduki ihamie jina la nani. Kaka mkubwa ana shamba. Jesse, kitinda mimba, ana nyumba na kihamba, yaani migomba na kahawa ya nyumbani, ndiyo desturi yetu. Mimi wa katikati sina hata jembe. Nataka kitu kimoja cha baba chenye jina langu.

Jesse ameshaiona nyusi. Amesema bunduki inataka mtu mtulivu. Mshenzi!

Jumanne, 6 Agosti
Nimechunguza kitaalamu, ganda mezani, miwani ya mama usoni. Hitimisho: risasi mbovu. Nilizipata Himo kwa jamaa asiye na duka wala risiti.

Bunduki haina kosa. Naitunza kuliko baba mwenyewe. Yeye kabla ya kuwinda alimwaga chini kidogo mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, penye mmea wa masale, kuwaarifu wazee waliozikwa. Mimi Jumapili, baada ya ibada, niliimiminia bunduki yenyewe. Kata nzima ya mbege, kwa nyuma panapoingia risasi, heshima ikae ndani. Mchungaji asijue.

Jumatano, 7 Agosti
Nimepanda Mbokomu kwa Mzee Gidioni, fundi bunduki. Nimempa shikamoo mbili ili alainike. Nikamwomba aandike tu kwamba risasi ni mbovu. Akasema kwanza aone. Wazee hawa!

Alichukua risasi tano za boksi lile lile, akazipiga kwa bunduki yake nyuma ya kihamba. Zote safi. Nikasema bahati. Akatumbukiza moja kwenye bunduki ya baba. Ikakwama, kitako nje. Akaeleza kwamba risasi isipoingia yote, komeo halifungi, na sehemu ya ganda isiyoshikwa na chuma hupasuliwa na baruti. Akakwangua ndani kwa kijiti. Ukatoka utandu wa kahawia, mkavu kama gundi, una punje za ulezi.

Akanusa. Akauliza nani anapika pombe kwenye bunduki. Nikasema labda sisimizi.

Alhamisi, 8 Agosti
Barua ya Mzee Gidioni inasema: risasi nzima, bunduki nzima, ndani kuna mbege. Hiyo nimeiweka chini ya godoro. Nimeandika nyingine, mwandiko wa kizee, kwa mkono wa kushoto. Sahihi yake nimeiboresha.

Jumamosi, 10 Agosti
Nimesoma barua kwa sauti nzito. Wajomba wakaitikia kwa vichwa. Kisha mama akasema mwenye barua mwenyewe yupo, aithibitishe. Kumbe Mzee Gidioni alikuwa akiwinda na baba, na mama kamwalika. Alikaa nyuma ya pipa la mbege, kofia usoni. Ningemjuaje?

Akaisoma taratibu. Akasema sahihi ni nzuri kuliko yake, ila barua si yake. Akaeleza yote. Mjomba mmoja alicheka hadi akapaliwa. Mama akasema baba alimwaga chini kwa sababu wazee wako chini, si ndani ya bunduki. Nimeona aibu, na nimeumia kweli.

Bunduki kaandikwa mama. Jesse hajaipata, hilo limenituliza kidogo. Mama aliponiona nimeinama akataka niandikwe bomba la baba la kupulizia dawa kahawa. Wote wakakubali. Ndelilio, jina langu kamili, kwenye muhtasari! Nilitoka nje nikalia.

Jumapili, 11 Agosti
Sikwenda ibada. Nimelisafisha bomba langu mpaka linang'aa. Kipimo chake cha hewa kina mstari mwekundu, pampu isizidi hapo. Mstari huo ni wa watu wasiojua mashine. Nikipampu mara mbili yake, dawa itavuka ua hadi kwenye kahawa ya Jesse, aone kazi.

Ila kuna kidude juu kinachoachia hewa ikizidi. Kinapoteza nguvu bure. Nimekiziba kwa msumari. Kesho asubuhi naanza.