Mayai Saba ya Mama

Jumatatu, 9 Machi
Kadi ya siku ya kuzaliwa imefika. Ya themanini! Tangu kijiji chetu cha Wales kimezwe na maji ya bwawa nimehama nyumba kumi na moja, hadi hapa Norwich, na kila mara kadi ya Utafiti imenifuata kama paka. Watafiti walianza kutupima watoto wote tuliozaliwa wiki moja ya Machi 1946, nchi nzima. Wanatupima hadi leo, wajue utoto unamfikishaje mtu uzeeni.
Pamoja na kadi, daftari: niandike kila ninachokula mpaka nesi aje Ijumaa.
Beryl, jirani yangu, ni wa wiki ileile. Amenitangazia juu ya ua kwamba safari iliyopita, nesi alipompima, alisimama kwa mguu mmoja sekunde thelathini. Mimi nne. "We Idris, hata korongo angekuonea huruma!"
Safari hii namshinda. Kwa daftari.

Jumanne, 10 Machi
Nilichokula: soseji tatu, chipsi, keki. Nilichoandika: kabichi, samaki, tufaha. Mkono haukutetemeka hata kidogo.

Jumatano, 11 Machi
Mazoezi ya mguu mmoja, jikoni. Nimeangukia kabati la sahani. Beryl alikuja mbio kuuliza kama ningali hai. Nikamwambia napanga vyombo. Akasema, "Naona unavipanga vipandevipande."
Nimeandika: uji wa shayiri, bila sukari.

Ijumaa, 13 Machi
Nesi Philippa amekuja. Mguu mmoja: sekunde tatu! Akasoma daftari. Akatazama makombo ya keki kwenye sweta yangu. Hakunikemea. Alisema tu kwamba daftari lisiloaminika huwekwa kando, na uzi wa kumbukumbu za miaka themanini hukatikia hapo. Nikaingiwa na baridi.
Kisha akanipa nakala niliyoiomba mwaka jana: ukurasa wangu wa 1950, nilipokuwa na miaka minne. Mwandiko wa mama! "Mayai: saba kwa wiki." Chini yake, mwandiko wa mwanamke aliyetumwa na Utafiti kututembelea: "Jikoni dirisha moja, latazama mlima. Bomba uani. Kuku hakuna."
Enzi zile za mgao wa chakula baada ya vita, yai lilikuwa moja kwa wiki, ukibahatika.
Nyumba ile iko chini ya maji. Hatuna hata picha yake. Lakini kwenye karatasi hii dirisha letu bado latazama mlima. Mtu aliliona, akaliandika. Wengine wakalitunza miaka sabini na sita, na binti huyu, ambaye wakati ule hata mamake hakuwa amezaliwa, ameniletea mkononi.
Nesi akauliza taratibu: "Mzee Idris, hayo mayai mlikuwa mnayatoa wapi?"
Hatukuwa nayo, nikasema. Mama aliona aibu. Alitaka mwanawe naye ashinde.
Nikakiri yangu yote, mpaka keki. Amenipa daftari jipya, nianze Jumatatu. Ukweli mtupu. Nimeapa, mkono juu ya ukurasa wa mama.

Jumatatu, 16 Machi
Kifungua kinywa: chai, mkate, siagi, jemu vijiko vitatu. Nimeandika vyote, hata kijiko cha tatu. Nikajiona mtu mpya.
Mstari uliofuata ulikuwa mtupu. Nikalifikiria lile dirisha. Nikawafikiria kuku ambao hawakuwepo. Kalamu ikajiendea yenyewe: "Yai, moja."
Heshima kwa mama, basi, si zaidi.
Nikainua macho. Ng'ambo ya ua Beryl alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ananipungia mkono.
Nikaongeza la pili.